STP, RSTP, Rapid-PVST+ au MSTP: uwashe ipi kwenye swichi zako?

Fungua menyu ya swichi yoyote inayosanidiwa, iwe Cisco, MikroTik au HP, utakuta mahali panapokutaka uchague: STP, RSTP, MSTP, na kwa Cisco kuna PVST+ na Rapid-PVST+. Zote ni aina za kitu kimoja, Spanning Tree Protocol (STP), utaratibu unaozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi. Wengi wetu tunapaacha kama palivyo, kwa sababu mtandao unafanya kazi na fundi mwenye busara hagusi kinachofanya kazi. Shida ni kwamba kila kampuni ina "kama palivyo" yake. ProCurve za zamani za HP zilitoka kiwandani STP ikiwa imezimwa kabisa. MikroTik inakuja na RSTP. Catalyst za zamani za Cisco zinakuja na PVST+. Daraja la Linux, yaani swichi ya programu unayoikuta ndani ya seva ya mashine pepe ya Proxmox, linakuja STP ikiwa imezimwa. Zipange zote kwenye kabati moja uone kama zitasikilizana.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Una swichi chache za kampuni tofauti: RSTP. Una Cisco tupu na VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile) za kuhesabika: Rapid-PVST+. Una VLAN nyingi, kampuni mchanganyiko, na faiba mbili unazotaka zote zibebe mzigo: MSTP. STP ya zamani usiichague kabisa, itajiingiza yenyewe pale itakapokuta jirani asiyejua nyingine. Huko mbele ni sababu, pamoja na sehemu ambazo jibu hilo linayumba.

Kwanza, tunazuia nini

Pakiti ya IP ina namba inayopungua kila inapovuka ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet haina kitu kama hicho. Ukiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili bila ulinzi, tangazo moja la ARP (kompyuta ikiuliza nani ana anwani fulani ya IP) litatoka kwa kebo ya kwanza, litarudi kwa ya pili, litatoka tena, na litazunguka hadi mtu achomoe waya au umeme ukatike. Kila mzunguko swichi inalinakili kwenye poti zote. Wakati huohuo jedwali la anwani za MAC linachanganyikiwa: kompyuta ileile inaonekana poti ya 3, mara ya 24, mara ya 3 tena.

Suluhisho alilibuni Radia Perlman akiwa kampuni ya DEC mwaka 1985, na IEEE ikalitoa kama kiwango cha 802.1D mwaka 1990. Swichi zinatumiana ujumbe mdogo unaoitwa BPDU, zinachagua mmoja wao awe mzizi, kisha kila moja inatafuta njia nafuu zaidi ya kumfikia mzizi huyo. Njia za ziada zinafungwa na kusubiri. Kinachobaki ni mti, na kwenye mti hakuna pa kuzunguka.

Aina zote nne zinafanya hivyohivyo. Zinachotofautiana ni kasi ya kufungua njia ya akiba, na idadi ya miti.

| | STP | RSTP | Rapid-PVST+ | MSTP |
|---|---|---|---|---|
| Kiwango | 802.1D | 802.1w (2001) | wa Cisco | 802.1s (2002), sasa ndani ya 802.1Q |
| Njia ikikatika | sekunde 30 hadi 50 | mara nyingi chini ya 1, kama 6 jirani akinyamaza | kama RSTP | kama RSTP |
| Miti | mmoja | mmoja | mmoja kwa kila VLAN | wa msingi mmoja na hadi 64 ya ziada |
| Kampuni mchanganyiko | ndiyo | ndiyo | kwa tahadhari | ndiyo |
| Kazi ya kusanidi | ndogo | ndogo | ya wastani | kubwa |

STP dhidi ya RSTP

Hapa hakuna mjadala mrefu. STP inategemea saa: BPDU kila sekunde 2, inasubiri sekunde 20 kabla ya kuamini kwamba mzizi amepotea, kisha 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza anwani. Ndizo hizo sekunde 50. Mtumiaji aliye kwenye simu ya IP ameshakata na kupiga tena mara mbili. IEEE yenyewe ilipotoa toleo la 2004 la 802.1D iliiondoa STP na kuweka RSTP mahali pake.

RSTP haisubiri saa. Swichi mbili zinapounganishwa, moja inatoa pendekezo, nyingine inafunga kwa muda poti zake za chini, inakubali, na njia inafunguka hapohapo. Poti ya akiba ilishajijua kuwa ni akiba tangu mwanzo, kwa hiyo njia kuu ikikatika inapanda papo hapo.

Lakini makubaliano hayo yana masharti mawili, na hapa ndipo watu wengi wanasema "nimeweka RSTP na bado ni nzito".

La kwanza, kiungo kiwe cha pande mbili tu, kwa dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja). Ukikuta kebo ambayo upande mmoja umelazimishwa 100 kamili na upande wa pili umeachwa ujipange wenyewe, upande wa pili utaangukia nusu dupleksi. RSTP ikiona nusu dupleksi inadhani hapo kuna habu, na inarudi kwenye saa za zamani.

La pili, poti za kompyuta ziwe zimetangazwa kuwa za ukingoni. Kompyuta haijibu pendekezo la RSTP, haijui hata ni nini. Usipoiambia swichi kwamba hapa mbele kuna kompyuta tu, kila mti unapopangwa upya poti hiyo inafungwa na kusubiri sekunde 30 kamili. Zaidi ya hayo, kila kompyuta inayowashwa asubuhi inahesabika kuwa mabadiliko ya mti, na swichi zinafuta anwani walizojifunza. MikroTik inajaribu kutambua ukingo yenyewe. Cisco inataka uandike:

```
interface range gi0/1 - 20
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
```

Kwa MikroTik, ukitaka kuwa na uhakika:

```
/interface bridge set bridge1 protocol-mode=rstp priority=0x1000
/interface bridge port set [find interface=ether5] edge=yes bpdu-guard=yes
```

Mstari wa `bpduguard` unasema: poti hii ni ya kompyuta, ikisikia BPDU ijifunge. Mtu akileta swichi yake kutoka nyumbani akaichomeka, poti inazimika na wewe unapigiwa simu. Simu moja ya malalamiko ni nafuu kuliko jengo zima kulala.

Kisa cha waya unaoning'inia

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja saa mbili asubuhi. "Fundi, hakuna kinachofanya kazi, hata simu za mezani." Nilipofika, taa za swichi zote kwenye kabati zilikuwa zinapepesa kwa mdundo mmoja, kama taa za disko. Taa za swichi iliyo salama hazipepesi kwa kupatana hivyo. Kwenye konsoli niliandika herufi moja nikasubiri ionekane.

Swichi kuu ilikuwa na RSTP imewashwa, tena vizuri. Nilichomoa poti moja baada ya nyingine hadi taa zikatulia kwenye poti ya 14. Nikaufuata waya hadi chini ya meza ya uhasibu, kwenye swichi ndogo ya plastiki ya poti nane isiyo na menyu. Dada wa usafi alikuwa ameona waya unaning'inia, akaona ni vibaya, akauchomeka kwenye tundu la jirani. Ncha zote mbili za waya uleule, kwenye swichi ileile.

Kwa nini RSTP haikuona? Swichi nyingi za bei ndogo zinapitisha BPDU kama fremu ya kawaida, na hapo `bpduguard` ingeona BPDU yake yenyewe ikirudi na kufunga poti. Ile ilikuwa miongoni mwa zinazozimeza. Matangazo yanazunguka, BPDU hazirudi, swichi kuu inaona poti safi yenye msongamano mkubwa tu. Ungeweka STP, MSTP, chochote, matokeo yangekuwa yaleyale.

Dawa yake ni kitu kingine kabisa: kwa MikroTik na HP kuna `loop-protect`, inayotuma fremu ya aina yake ambayo swichi ya plastiki haina sababu ya kuimeza, kwa Cisco kuna `storm-control`, inayokata matangazo yakivuka kiwango ulichoweka. Nimeweka kisa hiki katikati ya ulinganisho kwa makusudi, maana nimeona watu wakibishana MSTP au PVST kwa wiki nzima huku chini ya kila meza kuna plastiki ya poti nane.

Rapid-PVST+: mti kwa kila VLAN

Cisco waliamua kila VLAN iwe na mti wake. Faida unaiona ukiwa na swichi mbili kuu na faiba mbili kwenda kila ghorofa. VLAN 10 unaipa mzizi swichi A, VLAN 20 unaipa swichi B, na faiba zote mbili zinafanya kazi. Kwa RSTP ya mti mmoja, faiba ya pili inakaa bure hadi ya kwanza ikatike.

Amri zake ni rahisi kuzisoma, hizi ni za swichi A:

```
spanning-tree mode rapid-pvst
spanning-tree vlan 10 priority 4096
spanning-tree vlan 20 priority 8192
```

Kipaumbele kinapanda kwa 4096, cha kawaida ni 32768, na mdogo ndiye anayeshinda. Wakifungana, anashinda mwenye anwani ndogo ya MAC. Kwa swichi za kampuni moja, anwani ndogo mara nyingi ni ya swichi kongwe. Ndiyo maana ukiacha kila kitu kama kilivyo, mzizi wa jengo zima unaweza kuwa swichi ya mwaka 2008 iliyo stoo, nyuma ya maboksi.

Hasara yake ni mbili. Miti ina idadi: Catalyst 2960 yenye programu ya LAN Base inabeba 128. Ukiongeza VLAN ya 129 inaundwa vizuri tu, inapitisha data vizuri tu, ila haina mti. Kitanzi kikitokea kwenye VLAN hiyo hakuna wa kukizuia. Ofisi ya kawaida haifiki huko, ila mtoa huduma wa intaneti anayempa kila mteja VLAN yake anafika bila kujua.

Hasara ya pili ni majirani. Cisco inatuma BPDU ya kiwango cha IEEE kwa VLAN 1 peke yake. Za VLAN nyingine inazituma kwa anwani yake, 01:00:0C:CC:CC:CD, na swichi isiyo Cisco inaziona kama fremu za kawaida na kuzipitisha tu. Kwa hiyo MikroTik katikati ya Catalyst mbili inashiriki kwenye mti wa VLAN 1, na kwa VLAN zilizobaki ni bomba tu. Mara nyingi inafanya kazi. Siku isipofanya, utakaa usiku kucha unajiuliza kwa nini swichi moja inasema njia iko wazi na nyingine inasema imefungwa, na zote zinasema kweli.

MSTP, na bei yake

MSTP inachukua njia ya kati: badala ya mti kwa kila VLAN, unatengeneza miti miwili au mitatu na kuzigawa VLAN humo. VLAN mia mbili kwenye miti miwili zinafanya kazi sawa na VLAN mbili kwenye miti miwili, na ni kiwango cha wazi ambacho Cisco, HP, MikroTik na Juniper wote wanakielewa.

```
spanning-tree mode mst
spanning-tree mst configuration
 name OFISI
 revision 1
 instance 1 vlan 10,30,50
 instance 2 vlan 20,40,60
```

Bei yake iko kwenye mistari hiyo. Jina, namba ya toleo, na mgawanyo wa VLAN lazima vifanane kwenye kila swichi, herufi kwa herufi. `OFISI` na `Ofisi` ni maeneo mawili tofauti. Ukiongeza VLAN 70 kwenye mti wa kwanza kwa swichi tano na kuisahau ya sita, ya sita inajitenga na kuwa eneo lake, na mgawanyo wako wa mzigo kuelekea huko unapotea kimyakimya. Kwa sababu hiyo, anayeamua kutumia MSTP agawe VLAN zote siku ya kwanza, hata ambazo hazipo bado: namba 1 hadi 2000 mti wa kwanza, 2001 hadi 4094 mti wa pili, asiguse tena.

Kwa MikroTik, MSTP inahitaji `vlan-filtering=yes` kwenye daraja. Kwenye swichi zake za CRS3xx hilo halina shida, chipu inabeba kazi yote. Kwenye vifaa vidogo vyenye chipu za zamani, kazi inahamia kwenye prosesa, na utaona kasi ikishuka. Pima kabla ya kuahidi.

Kuna mtego mmoja unaowapata wanaohama kutoka PVST kwenda MSTP au RSTP, na ni mbaya kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa. Tuseme una tranki mbili (kebo zinazobeba VLAN nyingi) kati ya swichi mbili. Fundi aliyekutangulia aliruhusu VLAN 10 kwenye tranki ya kwanza tu, na VLAN 20 kwenye ya pili tu. Chini ya PVST kila VLAN ina mti wake na haina kitanzi, zote zinapita. Ukihamia mti mmoja, mti hautazami VLAN zipi zimeruhusiwa wapi. Unaona nyaya mbili, unafunga moja, na VLAN 20 inakufa. Kabla ya kubadili, hakikisha tranki zote zinaruhusu VLAN zilezile.

Redio za juu ya paa

Majengo mawili yakiunganishwa kwa faiba, na redio ikawekwa kama akiba, RSTP inatosha, ila irekebishe kwa mkono. Swichi inakadiria gharama ya njia kwa kasi ya poti. Kwa hesabu ndefu, poti ya gigabiti ni 20,000 na ya megabiti 100 ni 200,000. Redio ina poti ya gigabiti lakini hewani inapitisha pengine megabiti 80. Kwa macho ya RSTP ni sawa kabisa na faiba, na sarafu ikianguka vibaya redio ndiyo itakuwa njia kuu huku faiba imelala. Ipandishie gharama.

Pia redio ikipoteza mwenzake, kebo kati yake na swichi bado ina umeme na taa ya kijani. RSTP haioni kukatika, inangoja BPDU tatu zikose, ndizo sekunde 6. Hilo livumilie, au tumia redio inayoweza kuzima poti yake ikipoteza kiungo.

Seva za mashine pepe

Daraja la ndani ya kernel ya Linux linajua STP ya zamani peke yake. RSTP inahitaji programu ya pembeni, `mstpd`, au utumie Open vSwitch. Mimi kwenye Proxmox naiacha STP ya daraja hilo imezimwa, kebo moja au kebo mbili zilizofungwa pamoja kwa LACP, na poti za swichi upande ule nazitangaza kuwa za ukingoni. Ukilazimika kuiwasha STP humo, ipe kipaumbele cha 61440, kikubwa kuliko vyote, ili seva isije ikawa mzizi na kuuhamisha mti kila unapoizima na kuiwasha kwa ajili ya masasisho.

LACP yenyewe inafaa kutajwa hapa maana wengi wanaidhani ni mpinzani wa STP. Kebo mbili kati ya swichi zilezile mbili zifunge pamoja kwa LACP, mti utaziona kama njia moja na zote zitabeba mzigo. Mara nyingi hiyo inamaliza haja ya MSTP iliyokuja kwa sababu tu "kebo ya pili imekaa bure".

Mzizi, popote utakapoangukia

Chagua aina yoyote, lakini mzizi umchague wewe. Mpe 4096 swichi kuu, 8192 ya akiba yake, na wengine waache. Hakikisha hao wawili wako kwenye UPS ileile inayobeba ruta. Nimeona ofisi ambayo mzizi ulikuwa kwenye chumba kisicho na UPS. Umeme ukikatika ghorofa ya pili, ghorofa zote zenye jenereta zinatetereka pia, kwa sababu mti unapangwa upya. Kwenye poti zinazokwenda kwa swichi usizoziamini weka `spanning-tree guard root`, au `restricted-role=yes` kwa MikroTik, ili mgeni asije akajitawaza.

Usipange swichi kwa mnyororo mrefu pia. Saa za kawaida za STP zilipigiwa hesabu ya swichi saba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa baada ya mtandao wake, uliokua kipande kwa kipande, kuzidi uwezo wa STP. Kuwa kubwa na tajiri hakukuwasaidia.

Siku ya kubadili, fanya usiku, kwa sababu kubadili modi kunasimamisha miti yote na kuianza upya. Anza na mzizi, kisha akiba yake, kisha ghorofa moja moja. Ukimaliza, fungua dirisha la pingi kwenye kompyuta ya ghorofa ya juu, nenda kabatini, chomoa faiba kuu kwa mkono wako. Zikipotea pingi moja au mbili, nenda kalale. Zikipotea kumi na tano, kuna poti mahali imesahauliwa kwenye STP ya zamani au nusu dupleksi, na `show spanning-tree` itakuonyesha: kwa nusu dupleksi tafuta poti iliyoandikwa `Shr` mahali palipotakiwa kuwa `P2p`, kwa STP ya zamani tafuta `Peer(STP)`.